Ghorofa za juu za Ng'ambo: nani atabaki Jang'ombe?

Ijumaa hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa mwanzo litaonekana kuwa ni la wahandisi na maofisa wa mipango miji, wala si la ukurasa kama huu. Jambo lenyewe ni kanuni zinazosema nani ajenge nini, wapi, na kwa urefu gani. Tumelichagua kwa sababu kanuni hizo, kimyakimya, ndizo zinazoamua kama muuguzi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi, utingo wa daladala na mama anayekaanga maandazi alfajiri wataendelea kulala mjini, au watasukumwa nje yake wao na watoto wao.

Tuanze na nyumba. Anayeingia Jang'ombe kutokea Michenzani, akaziacha nyuma zile fleti ndefu ambazo watu wamezipa jina la treni, hujikuta katika mitaa ya nyumba za chini zilizokaribiana. Nyumba ya kawaida ya mitaa hii ina baraza mbele, mlango wa katikati, ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba kushoto na kulia. Uani ndiko kwenye jiko, choo na kamba za nguo. Nyingi zilianza kwa miti na udongo, zikaezekwa makuti, kisha mabati, na siku mwenyewe alipojaaliwa, ukuta wa mbele ukawa wa matofali na wa nyuma ukasubiri.

Wengi wetu tunaiona nyumba hii kuwa ni ya kizamani tu. Tukiitazama vizuri tutaona kuwa kwa miaka mingi imefanya kazi ambayo fleti mpya haziwezi kuifanya kwa bei ile: imempangisha mfanyakazi. Mwenye nyumba, mara nyingi mama mjane, hulala chumba kimoja na wajukuu zake, na vyumba viwili vitatu huvikodisha. Mpangaji mmoja ni kijana kutoka Pemba aliyepata kazi bandarini. Mwengine ni mwalimu aliyeajiriwa karibuni. Mwengine ni mke na mume walio na mtoto mchanga ambao bado wanajipanga. Kodi hulipwa kwa mwezi, na mwezi ukiwa mbaya husubiri. Mkataba wa maandishi haupo, lakini kujuana kupo, na mtoto wa mpangaji hukua akimwita mwenye nyumba bibi.

Basi nyumba kama hiyo inapouzwa na kubomolewa, na pahala pake pakasimama jengo la ghorofa nyingi lenye fleti za kukodishwa wageni, mtaa haukupoteza nyumba moja. Umepoteza vyumba vitatu au vinne vya wafanyakazi, na hapana daftari lolote lililoviandika.

Hesabu za sensa zinatupa picha ambayo tunaona haikuzungumzwa vya kutosha. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 wamefikia 893,169, yaani nusu ya idadi ya mwanzo imeongezeka ndani ya miaka 10. Lakini ongezeko hilo halikuingia mjini. Wilaya ya Mjini, ambayo Jang'ombe imo ndani yake, ilikuwa na watu 223,033 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 219,007. Imepungua. Walioongezeka wote, na zaidi, wamekwenda Magharibi, ambako watu 370,645 wamekuwa 674,162 katika wilaya mbili za Magharibi A na Magharibi B.

Si kila aliyehama amefukuzwa na bei. Wako waliopata kiwanja Fuoni au Kianga wakajenga nyumba yenye nafasi, na hao tunawapongeza. Lakini kazi hazikuhama nao. Hospitali kuu bado iko Mnazi Mmoja, bandari iko Malindi, soko liko Darajani, na hoteli za Mji Mkongwe zinataka mfagiaji afike kabla mgeni hajaamka. Kwa hiyo mfanyakazi anayelala mbali hutoka kwake baada ya sala ya Alfajiri na hurudi Isha ikikaribia; nauli inakula sehemu ya mshahara na foleni inakula sehemu ya umri. Mzazi wa namna hiyo humkuta mwanawe ameshalala. Anayewasomesha watoto Kurani jioni, anayewauliza masomo ya skuli, ni nani? Na mashamba ya minazi na miembe yaliyokuwa yakiuzunguka mji yamegeuka viwanja, kimoja baada ya kimoja, ilhali katikati ya mji watu wanapungua.

Tuseme na kipato. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Kipimo kinachotumika sana duniani ni kwamba kodi ya nyumba isizidi kiasi cha asilimia 30 ya pato la mtu. Kwa mshahara ule, hiyo ni kama shilingi 104,000 kwa mwezi. Hapana mjenzi wa fleti mpya karibu na Mji Mkongwe atakayepiga hesabu zake kwa kodi hiyo kwa hiari yake, na hatumlaumu; kiwanja amekinunua kwa bei ya soko, saruji na nondo pia. Swali letu si kwa nini mfanyabiashara anafanya biashara. Swali letu ni nini anachopewa na mji bure, na mji unadai nini badala yake.

Hapa ndipo ilipo siri ya mambo haya. Tuchukulie kiwanja kilichonunuliwa kwa shilingi milioni 240. Hesabu hii ni ya mfano tu. Mpango wa eneo ukiruhusu ghorofa tatu zenye fleti nne nne, fleti ni 12, na kila moja inabeba milioni 20 za bei ya kiwanja kabla halijawekwa tofali la kwanza. Mpango ukiruhusu ghorofa tano, fleti ni 20, na mzigo huo unashuka hadi milioni 12. Ni kweli mjenzi atalipia vifaa vya ghorofa mbili zaidi, na msingi utabidi uwe mzito, lakini ardhi ya fleti zile nane hakuilipia hata senti moja. Amepewa kwa kalamu na muhuri wa ofisi ya mipango. Gharama yake wameibeba wengine: jirani aliyezibiwa upepo, mtaa ambao mtaro wake wa maji machafu sasa unapokea watu maradufu, na wapita njia waliopoteza kivuli cha mwembe.

Nchi kadhaa zimeliona jambo hili na zikalitungia kanuni. Mjenzi huambiwa: kipimo cha eneo hili ni ghorofa kadhaa, ukitaka kuzidisha tutakuruhusu, tena kibali chako hakitachelewa na baadhi ya ada tutakupunguzia, kwa sharti kwamba sehemu ya fleti hizo uzitoe kwa kodi au bei ambayo mwalimu na muuguzi wanaweza kuilipa. Kaunti ya Montgomery katika jimbo la Maryland, Marekani, pembeni ya Washington, ilianza mpango huu mwaka 1974. Kwa miaka mingi miradi mikubwa ya huko ilitakiwa itoe kati ya asilimia 12 na nusu na 15 ya nyumba zake kwa watu wa kipato cha wastani na cha chini, na mjenzi akaruhusiwa kuongeza idadi ya nyumba kuliko kawaida. Zimepatikana zaidi ya nyumba 10,000 kwa njia hiyo. Karibu zaidi na sisi, jiji la Johannesburg lilipitisha sera yake mwaka 2019: mradi wenye nyumba 20 au zaidi utenge angalau asilimia 30 kwa wenye kipato kidogo, nao upewe haki ya kujenga kwa wingi zaidi katika kiwanja kilekile.

Huenda msomaji akadhani kuwa kupanga urefu wa majengo ni bidaa ya wazungu. Mwanahistoria At-Tabari amesimulia habari za mji wa Kufa ulipoasisiwa mwaka wa 17 Hijria, zama za Sayyidna Umar bin Al-Khattab (RA). Njia kuu zilipimwa dhiraa 40, nyengine 30, nyengine 20, na vichochoro dhiraa 7. Nyumba za mwanzo zilikuwa za matete, moto ukaziteketeza, na watu wakaomba ruhusa wajenge kwa matofali. Khalifa aliwaruhusu, lakini akawawekea mpaka: asizidishe mtu vyumba vitatu, na wasishindane kwa urefu wa majengo. Tazameni: ruhusa ilitolewa, na pamoja na ruhusa pakawekwa sharti. Wanazuoni wa fiqhi nao wamejaza kurasa nyingi kwa mambo ya dirisha linalochungulia uani kwa jirani, ukuta wa pamoja, maji ya paa na moshi wa jiko, wakijenga juu ya ile kanuni kubwa ya kuzuia madhara. Mtu kuwa na kiwanja hakukuwa ruhusa ya kumdhuru jirani yake.

Na Ng'ambo yetu ina historia yake katika jambo hili, historia ambayo watoto wetu wanafaa waijue.

Katika karne ya 19, Ng'ambo ilikuwa kweli ng'ambo: ngozi ya maji ya pwani ikiingia na kutoka ilitenganisha mji wa mawe na upande wa pili. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande huu ilikuwa ya matajiri wa mjini. Wengine waliwaacha watu wao, wakiwemo waliokuwa watumwa wao, wajenge vibanda vyao bila ya kulipa kodi. Wengine waliiweka ardhi wakfu. Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi. Aliyejenga kwa hisani ya bwana wake alikuwa na nyumba, lakini hakuwa na usalama wa kweli, kwani hisani humfuata anayeitoa. Hata hivyo mjengaji alijua kitu kimoja: nyumba ni yake, na kiwanja hakiuzwi chini ya miguu yake kila mwaka.

Karne ya 20 ilipoingia, mambo yaligeuka. Ardhi ya Ng'ambo ikawa bidhaa, wamiliki wapya wakatoza kodi ya kiwanja na wakaipandisha. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma. Wanaume kwa wanawake walikataa kulipa kodi ya ardhi iliyo chini ya nyumba walizozijenga wenyewe, na mgomo huo ukautikisa utawala wa Kiingereza hata ikabidi itungwe sheria ya kuzidhibiti kodi hizo. Wazee waliokuwa wakisimulia habari hizi mabarazani wamekwisha, lakini jambo lenyewe lingali hai: ugomvi haukuwa juu ya kuta na paa. Ulikuwa juu ya thamani ya pahala, na nani ale thamani hiyo pahala panapopanda bei.

Mipango ya mji haikukosekana. H. V. Lanchester aliandika wake mwaka 1923. Mwaka 1955 ikatungwa dikrii ya mipango ya miji na vijiji, na mwaka 1958 ukatoka mpango wa Henry Kendall. Lakini kwa mtazamo wa wakoloni Mji Mkongwe ndio mji, na Ng'ambo ni mkusanyiko wa vibanda vya wenyeji unaohitaji kunyooshwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kodi ile ya kiwanja ikawa historia. Mwaka 1968 wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walichora mpango mpya, na kutokana na fikra hizo zikainuka fleti za Michenzani. Mzee Abeid Amani Karume alitaka mnyonge wa Ng'ambo akae katika nyumba ya kisasa yenye maji na umeme, na hilo ni jambo ambalo hatuna budi kulikumbuka kwa heshima. Serikali ilijenga, serikali ikagawa. Udhaifu wake ni kwamba njia hiyo inategemea hazina ya serikali, na hazina ilipopungua ujenzi ukasuasua kwa miaka mingi. Tena waliohamia juu waliacha chini baraza na uani, na jirani wa ghorofa ya nne si sawa na jirani wa ukumbi kwa ukumbi.

Leo anayejenga kwa wingi ni mtu binafsi. Tunaona Fumba, kusini ya mji, ambako kampuni zinajenga miji mizima na wageni wananunua. Tunaona Kwahani, jirani wa mlango wa Jang'ombe, ambako nyumba za zamani zilibomolewa na majengo ya ghorofa yakasimama. Na Ng'ambo yenyewe imepata mpango wake. Katika muongo wa 2010, wataalamu wa mipango miji wa Zanzibar, wakishirikiana na jiji la Amsterdam na wenzao wa Uholanzi, waliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Wenyeji waliulizwa, mitaa ikapimwa, mabaraza, misikiti, viwanja vya mpira na maskani vikaandikwa kuwa ni urithi na si takataka za kufagiliwa. Mwaka 2019 kikatoka na kitabu kikubwa cha ramani za Ng'ambo. Fikra kuu ilikuwa kuifanya Ng'ambo kuwa moyo mpya wa mji mkuu. Hilo ni jema. Lakini moyo wa mji ndipo ardhi inapopanda bei kuliko pengine pote, na kila mstari wa mpango unaosema "hapa ruhusa ghorofa nyingi zaidi" unamtajirisha mtu kabla hajafanya kazi yoyote.

Kwa hiyo tunasema: ghorofa za ziada za Ng'ambo zisitolewe bure. Anayetaka kuzidisha kipimo Jang'ombe, Kwahani au Mpendae, atoe sehemu yake kwa wafanyakazi wa mji huu, na kwanza kabisa ahesabu vyumba vya kukodisha alivyovibomoa na avirudishe. Sharti liandikwe ndani ya kibali cha ujenzi kwa idadi, kwa ukubwa wa vyumba na kwa kodi, si kwa maneno ya "makaazi nafuu" tu, kwani unafuu wa mtu mmoja ni mshahara wa mwaka wa mwengine. Na vyumba hivyo viwe ndani ya jengo hilohilo, mlango uleule. Tusikubali mjenzi aseme atawajengea wafanyakazi mbali nje ya mji, maana hapo tutakuwa tumerudi kwenye daladala ya Alfajiri.

Wajenzi watajibu kwamba hesabu hazitatoka. Hoja hii isidharauliwe. Sharti likiwa zito kupita faida ya ghorofa ya ziada, mjenzi atajenga ghorofa zilezile tatu za kawaida, na hatapata mtu kitu. Au hatajenga kabisa. Jengo refu linataka lifti, pampu ya maji na jenereta, na gharama za kuviendesha huingia katika kodi ya kila mwezi hata ya yule aliyepunguziwa. Ndiyo maana uwiano lazima upigiwe hesabu kwa kila eneo, na urekebishwe bei zinapobadilika. Katika mfano wetu wa fleti nane za ziada, kuziomba nne ni jambo la kuzungumzika; kuziomba zote nane ni kumfukuza mtu.

Lipo jengine ambalo linatushughulisha zaidi kuliko uwiano, nalo ni muda. Kaunti ya Montgomery, tuliyoitaja, ilipoanza iliweka sharti la bei kwa miaka 5 tu. Miaka 5 ikapita, mwenye nyumba akauza kwa bei ya soko, na nyumba iliyopatikana kwa sheria ikayeyuka. Wakaongeza hadi miaka 10, nayo ikapita. Sasa ni miaka 30 kwa nyumba za kuuzwa na 99 kwa za kukodishwa. Maelfu ya nyumba za mwanzo zilikuwa zimeshatoka mkononi.

Tulipoisoma habari hii tulitabasamu kidogo, kwani sisi tunacho chombo kilichoundwa kwa ajili ya jambo hilihili, na kimekaa mezani kwetu zaidi ya miaka 1,400. Umar huyohuyo alipopata shamba lake la Khaybar alimuuliza Mtume (SAW) alifanyie nini, na akaelekezwa alizuie asili yake na atoe matunda yake. Lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Huo ndio wakfu. Fleti zinazotolewa na mjenzi badala ya ghorofa za ziada zikiwekwa wakfu kwa makaazi ya wafanyakazi wa mtaa, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iliyo na sheria yake ya mwaka 2007, hapana mwaka wa tano wala wa kumi utakaofika zikauzwa. Atakayeuliza vipi iwe wakfu na ardhi ni ya serikali, Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba wakfu wa jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi unajuzu. Na sheria ya mwaka 2010 inayoruhusu fleti moja moja kumilikiwa mbali mbali imeshafungua njia upande wa serikali. Upambanuzi wa kina tunawaachia masheikh na wanasheria. Sisi tunachosema ni kwamba mlango upo.

Lakini tusijidanganye. Mji Mkongwe umejaa ushahidi wa nyumba za wakfu zilizochakaa, baadhi zikaporomoka, kwa sababu kodi zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba hazikutosha kununua hata chokaa. Mpangaji alilipa kidogo, paa likavuja, na hakuna aliyewajibika. Wakfu usiotengewa fungu la matengenezo ni nyumba inayosubiri kuanguka. Kwa hiyo kodi ya fleti hizo iwe nafuu lakini isiwe ya mzaha, na sehemu yake iwekwe mbali kwa ajili ya paa, mabomba na lifti kabla ya matumizi mengine yoyote. Majina ya wapangaji nayo yatangazwe hadharani kwa sheha na msikitini, ili fleti ya muuguzi isiishie kwa shemeji wa ofisa. Tunajua hili linachukiza kulisema. Linachukiza zaidi likitokea.

Sasa tugeukie ndani ya nyumba zetu, maana si kila kosa ni la mjenzi na la ofisi. Nyumba nyingi za Jang'ombe huuzwa wakati wa mirathi. Baba anafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameacha mke, watoto saba na nyumba yenye vyumba sita. Nyumba haigawanyiki kwa fungu la thumuni na mafungu ya watoto wa kiume na wa kike. Mmoja yuko Dubai anataka fedha, mmoja ana deni, wawili wanaishi humo humo. Kabla ya arubaini anatokea mnunuzi mwenye fedha taslimu. Bei anayotaja inaonekana kubwa, kwa sababu inalinganishwa na nyumba ya udongo iliyopo, hailinganishwi na ghorofa tano ambazo mpango wa eneo huenda ukaruhusu. Inagawanywa, na kila mmoja anabaki na fungu lisiloweza kununua hata chumba kimoja mjini. Mama mjane anahamia kwa binti yake Magharibi. Wapangaji wanapewa mwezi.

Warithi wa namna hii, ikiwa wamesubirishana kidogo, wana njia nyengine. Wanaweza kuingia katika ujenzi kwa ushirika, haki yao ya kiwanja ikawa ndio mtaji, na mjenzi akaleta fedha. Jengo likimalizika mama akapata fleti yake ya chini, na kila mrithi akapata sehemu yake ya fleti au ya kodi kwa kiasi cha fungu lake la kisheria. Mkataba wa aina hii unataka kadhi aliyeshahakiki mafungu, wakili anayeijua sheria ya ardhi ya mwaka 1992, na subira. Kwa anayehitaji kukopa, Benki ya Watu wa Zanzibar ilifungua huduma zake za Kiislamu mwaka 2011, kwa hiyo hakuna udhuru wa kukimbilia riba kabla hajauliza.

Na kabla hajatiwa mtu sahihi, aende ofisi ya mipango miji, au amtume kijana anayesoma, aulize kiwanja cha baba yao kimeruhusiwa ghorofa ngapi leo, na ngapi katika mpango unaokuja. Ni swali la dakika chache. Mnunuzi aliyebisha hodi kabla ya arubaini alikwishaliuliza.